Shajara ya tikiti la Mvumi: kutoka mbegu za kwenye kibuyu mpaka mbegu mpya

Naandika hii kwa yeyote ambaye kwao kuna mbegu ya tikiti maji ya zamani na hataki ipotee. Hili letu linatoka kwa bibi, Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Lilikuwa linapandwa katikati ya mtama na uwele mvua zikianza. Tunda ni la mviringo, ganda kijani mpauko lenye michirizi ya kijani iliyokolea, imekatikakatika. Ndani sio jekundu la kuwaka kama haya ya sokoni, ni la waridi, utamu wa wastani, mbegu kubwa za kahawia zenye ukingo mweusi. Ubora wake uko kwenye ganda, ni nene na gumu kiasi kwamba ukilivuna bila jeraha ukaliweka kivulini ndani linakaa miezi. Yaani mvua zimeisha, shamba limekauka, nyumba bado ina tikiti.

Watu wengi sa hivi wanapanda F1, yaani mbegu chotara za dukani, na siwalaumu, zinazaa vizuri na sokoni zinaenda. Ila F1 ukihifadhi mbegu zake msimu ujao zinatawanyika, kila mche na tabia yake. Mbegu ya asili ukiitunza inarudi ileile. Hata Sugar Baby inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo sio F1, ni mbegu ya kawaida iliyotoka Marekani mwaka 1956, kwahiyo anayetaka kujitunzia mbegu ya Sugar Baby njia ni hizihizi.

Kulima tikiti la zamani sio kazi ngumu. Kazi iko kwenye ua, na huko ndiko nitakaa sana.

4 Agosti 2024: kujua mbegu zipi ziko hai

Mbegu nimepewa na shangazi, zilikuwa kwenye kibuyu zimechanganywa na majivu, mdomo umezibwa kwa gunzi. Hakuna anayekumbuka ni za mwaka gani. Mbegu za tikiti maji zikikaushwa vizuri zinaweza kuota hata baada ya miaka minne mitano, lakini usipande shamba zima kwa imani, pima kwanza.

Nilichukua mbegu 20, nikazigawa mara mbili, kila fungu kwenye kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, ndani ya kopo lenye mfuniko. Kopo moja likakaa dirishani, lingine nikalifunga blanketi na mchana nalisogeza chumba chenye bati ambacho kinapata joto sana. Lile la dirishani zimeota 2 tu, nyingine zimelainika na kutoa harufu. La blanketi zimeota 7.

Sababu ni usiku wa Dodoma mwezi wa nane. Mchana unaona jua kali unadhani kuna joto la kutosha, usiku baridi inashuka na udongo unapoa. Mbegu ya tikiti inapenda udongo wa nyuzi 25 mpaka 35, ukishuka chini ya 18 inalala tu kwenye unyevu mpaka inaoza. Kwahiyo wewe mwenye mbegu chache usizimwage ardhini Agosti, ziamshe ndani kwanza.

Kwanini nimechagua kiangazi wakati bibi alikuwa anapanda Desemba? Sababu ya majirani. Mvua zikianza kila mtu anapanda tikiti, nyuki wanazunguka kote, chavua inachanganyika. Nikichanua Oktoba na Novemba wakati wengine hawana maua nakuwa nimejitenga kwa taimu. Gharama yake ni maji, inabidi uyanunue.

18 Agosti 2024: kitalu

Mbegu nyingine nimeziamsha kwa njia ileile ya blanketi, na zilizochungulia mzizi nimezihamishia kwenye viriba vidogo, mchanganyiko wa udongo wa juu, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na mchanga wa korongo. Sikutumia trei zile za mashimo madogo kwasababu tikiti halipendi kusumbuliwa mizizi, na kiriba unakichana tu pembeni mche unashuka na bonge lake zima.

Kinyausi, ugonjwa wa kuoza shingo ya miche, kimepiga wiki ya kwanza. Miche inasimama vizuri jioni, asubuhi imelala, ukiangalia shingo yake pale inapotokea ardhini imekuwa nyembamba kama uzi na imelowa. Iliyokufa ni 11. Kilichosaidia ni vitu vitatu kwa pamoja: maji asubuhi tu, mchanga mkavu wa mto kidole kimoja juu ya kiriba ili shingo isikae kwenye unyevu, na kuviinua viriba kwenye kichanja cha fito hewa ipite chini. Baada ya hapo hakuna mche mwingine ulioanguka. Kitu kingine kizuri cha kichanja ni kuzuia panya, maana wao mbegu ya tikiti wanaijua, wanaifukua hata iwe imechomoza majani.

Viriba na udongo shilingi 6,000.

15 Septemba 2024: kuhamishia shamba

Shamba liko Veyula, hapa Dodoma, ukanda huu wa kuelekea Makutupora wenye zabibu nyingi. Udongo mwekundu wa kichanga, maji yanapita haraka, jambo ambalo tikiti linalipenda kuliko tope. Miche 24. Mstari hadi mstari mita 3, shimo hadi shimo mita moja na nusu, maana hili tikiti linatambaa sana, usilipime kwa vipimo vya F1 za kisasa. Kila shimo nusu debe la samadi, imechanganywa na udongo na kumwagiwa maji wiki mbili kabla. Samadi pamoja na usafiri wa kirikuu 45,000. Miche niliitoa ikiwa na majani matatu ya kweli, jioni, ikamwagiwa maji, basi.

Maji: tenki la lita 1000 lililotumika 120,000, nimeliinua kwenye matofali kama mita moja na robo ili maji yashuke yenyewe, laini za dripu na viunganishi 68,000. Maji ya boza lita 1000 ni 10,000. Mwanzoni tenki moja linaenda wiki na zaidi.

Dripu zilianza kuziba karibu mara moja. Maji ya visima vya huku yana chumvi, halafu boza linakuja na mchanga wake. Mwisho wa laini ndo unaona mche umenyauka wakati mwanzo wa laini kuna dimbwi. Nimeweka kitambaa cha shuka la zamani mara mbili kwenye mdomo wa tenki, bomba la kutolea maji nikalipandisha kiganja kimoja juu ya kitako cha tenki ili uchafu ubaki chini, na kila baada ya siku chache nafungua mwisho wa kila laini maji yatoke kwa kasi dakika moja. Sasa zinatoka sawa.

Uzio wa miiba, vibarua 40,000. Hii usiipunguze kwenye bajeti. Kiangazi watu wamevuna, mifugo inaachiwa kwenye mabua, na sehemu pekee ya kijani ni kwako, mbuzi ataiona kutoka mbali.

22 Septemba 2024: sota

Miche minne imekatwa usiku, imelala pembeni ya shina lake kama imekatwa na wembe. Ukifukua kidogo na kijiti unamkuta sota, yule kiwavi anayekata miche, amejikunja, wa kijivu, mnene. Nimekata chupa za maji za lita moja na nusu vipande vya pete, kila mche umevishwa pete yake na kuzamishwa vidole viwili ardhini. Hazikugharimu kitu, vijana wa mtaani wamenisaidia kukusanya chupa. Mashimo manne nimeyajaza na miche ya akiba, na ninashauri kila mtu abakize akiba ya robo hivi kitaluni.

13 Oktoba 2024: upepo na vidukari

Dodoma kipindi hiki upepo hauna adabu. Matawi yalikuwa yameshafika mita moja, upepo unayageuza juu chini, majani yanapinduka, na pale tawi linapojikunja linachanika. Nyasi nilizotandaza zilipeperushwa zote. Badala yake nimelaza mabua ya mtama yanayokatisha mwelekeo wa upepo, mazito kidogo, na tikiti lenyewe lina vikono vya kujishikia, likipata bua linalikamata na kujifunga lenyewe. Ndani ya wiki moja matawi yalikuwa yametulia. Nikaelewa kwanini bibi alikuwa analipanda ndani ya mtama, kule lilikuwa na cha kushika.

Vidukari walianza kwenye ncha za majani machanga, majani yanajikunja kama ngumi. Maji ya sabuni ya kipande, napuliza jioni chini ya jani, nikikuta ncha imejaa sana naikata na kuichoma. Sikupiga sumu kwasababu maua yalikuwa yanakaribia na nyuki nawataka.

27 Oktoba 2024: maua

Hapa ndo penyewe.

Tikiti linatoa maua dume kwanza, kwa wiki nzima au zaidi, yanachanua na kudondoka. Watu wakaanza kuniambia shamba limegoma. Halijagoma, ndo lilivyo. Ua jike linakuja baadaye, na utalijua kabla halijachanua kwasababu nyuma ya ua kuna kitikiti kidogo chenye vinyweleo, saizi ya punje ya karanga, dume halina. Majike ni machache sana ukilinganisha na madume.

Ua moja linaishi asubuhi moja. Linafunguka jua likianza kupanda, mchana linasinyaa, kesho halifunguki tena. Kwenye uzalishaji wa mbegu watu wanatenga mashamba kilomita moja hivi ili nyuki wasichanganye. Mimi sina hiyo nafasi, na kuna jirani kama mita 400 ana F1 zake za dripu alizopanda wakati mmoja na mimi, kitu ambacho sikukitarajia kwa kiangazi. Kwahiyo kujitenga kwa taimu kumeshindikana, imebaki kuchavusha kwa mkono.

Nilimfuata kumuuliza anatarajia kuvuna lini. "Shikamoo mzee." "Marahaba, umekuja kuona matikiti?" Nikamweleza shida yangu. Akasema, "Mwanangu, nyuki siwezi kumfunga, ila nikianza kuvuna nitakwambia." Na mbegu akaomba.

Jinsi ninavyofanya sasa, baada ya kubadilisha badilisha:

Jioni kwenye saa 11 napita kila tawi kutafuta majike ambayo kesho yatachanua. Dalili yake ncha ya ua imeshaanza kuwa ya njano lakini petali bado zimesokotana. Kila jike nalivalisha kifuko cha chandarua na kukifunga kwa uzi wa sufi kwenye kikonyo, sio kwenye kitikiti. Halafu natafuta madume mawili au matatu ya hatua ileile kutoka mche mwingine na yenyewe nayavalisha, kwasababu dume likiachwa wazi nyuki akipita na chavua ya kwa jirani anaiacha mlemle.

Asubuhi kati ya saa 1 na saa 3 nachuma dume, nazigeuza petali zake nyuma mpaka stameni, vile vijiti vyenye chavua, zibaki zimechomoza, unaona vumbi la njano. Nafungua jike. Katikati yake kuna kichwa chenye sehemu tatu, zote tatu lazima zipate chavua, ukipaka upande mmoja tunda linakua limepinda. Napaka taratibu na madume mawili matatu, nafunga kifuko tena, kinabaki mpaka ua linyauke. Kisha nafunga uzi wa rangi kwenye kikonyo: rangi inaniambia baba ni mche gani, na kwenye daftari naandika mama na tarehe.

Yaliyoshindikana kabla ya hapo. Mifuko ya nailoni, ile myepesi ya kufungia vitu: jua likipanda ndani kunakuwa na mvuke, ua linaiva, asubuhi ya pili kitikiti kimekuwa cha njano. Soltepu ya kubana ncha ya ua: usiku vumbi linaifanya iachie, au ikishika inachana petali ukiitoa. Chandarua kilichochakaa ndo jibu, hewa inapita, nyuki hapiti, na kila nyumba kipo.

Hata ukifanya hayo yote karibu nusu zitadondoka. Mwanzoni zilikuwa zinadondoka karibu zote na chavua ilikuwa nzuri tu. Shida ilikuwa matunda ambayo nyuki wameshayatungisha kwenye mche huohuo, tikiti likishakuwa na tunda linalokua linatupa mengine yanayofuata. Inauma kukata tunda saizi ya ngumi, lakini nimekata kwenye miche yote ya mbegu mpaka lile la uzi likamate, baada ya hapo nikaacha mche uzae ya pembeni unavyotaka. Kuanzia hapo mambo yakabadilika.

Kitu cha maboga nakiweka wazi maana nimeambiwa sana: "usipande karibu na maboga, tikiti litakuwa maji matupu." Boga na tikiti havizaliani, wala tango na tikiti. Tikiti linazaliana na tikiti. Na hata likizaliana na la jirani, tunda unalokula leo halibadiliki ladha, nyama ya tunda ni ya mama. Mchanganyiko uko ndani ya mbegu, utauona msimu unaofuata. Hiyo ndo hatari yenyewe, kwamba leo hutaona chochote.

Nyuzi, vifungo, daftari na karatasi za khaki, 7,000.

17 Novemba 2024: inzi wa matunda

Matunda saizi ya yai yameanza kuwa na kidoa cha maji, ukibonyeza kinatoa utomvu, ukikata ndani kuna funza weupe wanaruka. Inzi jike anatoboa ganda likiwa bado laini na kutaga humo. Matunda ya pembeni yameenda mengi, ya uzi yameenda manne, na hayo manne ndo yaliyoniumiza.

Hatua: tunda likishakamata tu, hata kabla halijafika saizi ya yai, linavishwa mfuko wa karatasi ya khaki uliofungwa juu, mdomo chini uachie maji kutoka. Likifika saizi ya ngumi mbili ganda la hili tikiti linakuwa gumu, naona inzi hahangaiki nalo tena, natoa mfuko. Mtego wa kivutio cha madume 15,000, unakamata wengi lakini peke yake hautoshi kwasababu wanaotaga ni majike, uchukulie kama wa kukuonyesha wapo kiasi gani.

Kilichopunguza kweli ni usafi. Matunda yaliyoharibika usiyatupe pembeni ya shamba, funza anaingia ardhini anatoka inzi. Nayaweka kwenye mfuko mweusi wa plastiki, nafunga kabisa, naacha juani mpaka yaive humo. Wengine wanafukia, ila iwe kina cha nusu mita, sio kufunika funika.

1 Desemba 2024: kuoza kitako na kupasuka

Boza lilikosekana karibu wiki nzima, pampu ya kisima cha jirani iliungua, joto kali. Maji yaliporudi nikafungulia mpaka ardhi ikashiba. Siku chache baadae matunda kadhaa yana kidoa cha kahawia kule kwenye kitako, kinalainika na kuwa cheusi, na mawili yamepasuka.

Duka la pembejeo niliambiwa ni ugonjwa nikauziwa dawa ya ukungu. Sikuipiga. Kuoza kitako sio ukungu, ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na kwa kawaida kalsiamu ipo ardhini ila inasafiri na maji, maji yakikatika inakatika. Dawa yake ni ratiba. Nimegawanya maji kidogo asubuhi kila siku badala ya mengi kwa mkupuo, mabua nimeongeza unene kwenye shina, na tenki haliruhusiwi kushuka chini ya robo ndipo niagize boza. Matunda yaliyofuata hayana kidoa. Mwezi huu maji yamekula mara mbili ya kawaida, jumla ya maji tangu mwanzo ni 150,000.

Mvua ya kwanza imepiga juzi usiku, imelowesha vumbi tu.

22 Desemba 2024: kuvuna na tikiti lisilo letu

Yanakaribia siku 45 mpaka 50 tangu kuchavusha. Kugonga kwa kidole kwa hili tikiti hakusaidii, ganda ni nene linakudanganya. Ninachoangalia ni kikono kilicho karibu kabisa na kikonyo cha tunda, kiwe kimekauka chote mpaka shinani, na tumbo linalolala chini liwe limetoka kwenye weupe kuwa la njano. Vyote viwili.

Ya uzi yaliyofika ni 13. Mengi yana kilo 5 mpaka 8.

Sasa jambo kubwa. Mche namba 17 umezaa tunda la kijani cheusi, laini halina michirizi, ganda jembamba, ndani jekundu kabisa, tamu. Sio letu. Na hilo halikutokea hapa Veyula, mbegu iliyouzaa mche huo ilitoka kwenye kibuyu, maana yake mchanganyiko ulishaingia kule Mvumi miaka ya nyuma watu walipoanza kuleta mbegu za dukani. Ua la mche 17 lilifanana na mengine yote, huwezi kulijua mpaka tunda likue.

Hapa ndipo nyuzi za rangi zimelipa. Mche 17 ulikuwa na uzi wa bluu, na matunda mawili kwa nje yaliyo sahihi kabisa yana uzi wa bluu kwenye kikonyo, yaani baba yao ni 17. Bila uzi ningechukua mbegu zake nikaamini ni safi. Hayo mawili pamoja na lake tumekula. Yamebaki 10 kutoka kwenye miche 8, na nafurahi sio ya mche mmoja kwasababu ukichukua mbegu kwenye tunda moja tu hata liwe zuri vipi unapunguza aina zilizomo ndani ya mbegu yako.

Ya pembeni nimeuza soko la Sabasaba na hapahapa mtaani, jumla 58,000. Wateja wengi wanauliza kwanini sio jekundu. Mama mmoja wa Bahi alipoliona tu alisema kwao lilikuwepo, akachukua matatu.

12 Januari 2025: kutoa mbegu

Matikiti ya mbegu yalikaa ndani kwanza bila kukatwa. Mbegu inaendelea kukomaa ndani ya tunda hata likishavunwa, ukikata mapema unapata nyingi nyepesi.

Namna: nakata, nakamua mbegu na maji yake kwenye ndoo, zinakaa usiku mmoja mpaka mchana unaofuata zichachuke kidogo, ute unaachia. Nazisugua kwa mikono na mchanga laini, nazimwagia maji mengi, zinazoelea nazitoa na maganda, zilizozama ndo mbegu. Zinatandazwa kwenye ungo kivulini, zinageuzwa kila zikishikana.

Mbegu za tikiti moja zilianikwa juu ya bati na mdogo wangu ili ziwahi kukauka. Kwa macho zinafanana kabisa na nyingine. Kwenye kipimo, kati ya 20 zimeota 3. Za kivulini kati ya 20 zimeota 18. Bati la Dodoma saa 7 mchana linaua kiini, usiweke mbegu huko hata kwa nusu saa.

Utajua zimekauka ukiikunja moja ikavunjika kwa mlio, ikipinda bado. Kwa sasa huku nje kuna unyevu wa mvua, kwahiyo nimeziweka kwenye chupa za kioo, chini kuna mchele uliokaangwa mkavu bila mafuta na kupoa, juu yake kitambaa, ndipo mbegu. Mchele unanyonya unyevu. Majivu ya kibuyu cha shangazi yalikuwa yanafanya kazi hiyohiyo, na yanazuia wadudu pia. Kila tikiti na chupa yake na jina la mama na baba, sichanganyi mpaka nione watoto wao.

Hesabu yote mpaka leo: matumizi 451,000, mapato 58,000. Asiwepo wa kuingia hapa akitafuta faida ya matunda. Mbegu zenyewe siuzi, biashara ya mbegu ina sheria yake na inasimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, mimi nagawa kwa ndugu na majirani. Ukitaka kupunguza gharama, tenki na dripu ndo robo tatu ukichanganya na maji, na ukiwa mahali ambapo hakuna jirani mwenye tikiti ndani ya kilomita, panda kwa mvua, vyote hivyo huvihitaji.

23 Machi 2025: Mvumi

Katikati ya Januari mvua zilivyotulia nimepeleka mbegu Mvumi, kwa shangazi na kwa kaya mbili nyingine, wamepanda ndani ya mtama kama zamani. Ule ukavu wa Februari umepita juu yake na tikiti halikutetereka, mahindi ya pembeni yalijikunja majani.

Chupa nyingine iko kwangu, na nyingine nataka iende benki ya mbegu ya taifa kule Arusha, naulizia utaratibu. Sitaki iwe mahali pamoja. Marekani kuna tikiti lenye madoa ya njano kama nyota kwenye ganda, liliuzwa tangu 1926 baadae likapotea kwenye maduka yote, watu wakaamini halipo tena, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 akapatikana mkulima mmoja Missouri aliyekuwa bado analipanda. Mmoja tu. Nikifikiria kibuyu cha shangazi naona tulikuwa karibu na hapo.

Matunda ya Mvumi sasa yana ukubwa wa kichwa cha mtoto. Kwa kaya moja yote yana michirizi. Kwa shangazi kuna miche miwili yenye ganda laini la kijani cheusi, kwahiyo hata ndani ya chupa zangu mbili bado kuna damu ya nje iliyojificha, na nimeshazijua ni chupa zipi, zimetolewa kwenye mbegu na kuwa za kula. Nilimwambia shangazi aing'oe hiyo miche. Amekataa. "Hii imezaa, nikiing'oa watoto wale nini?" Na nyuki wameshapita kote, kuing'oa sasa hakusafishi chochote. Tumekubaliana hivi: mbegu zote za shamba lake mwaka huu ni za kukaanga na kutwanga, hakuna inayorudi kwenye kibuyu. Kibuyu kitajazwa kutoka kwenye chupa zilizobaki, na Agosti narudia Veyula na miche ya chupa hizo tu, nyuzi za rangi kama kawaida, madume nitachukua kwenye miche mitatu tu badala ya yote ili kama kuna mwingine kama 17 asiharibu matunda mengi. Mzee jirani ameahidi msimu huo atapanda vitunguu.